Anzia Kiamaiko: mwongozo kwa mhitimu anayetaka kutafiti mwendo na misuli ya wanyama

Ukiwa umemaliza shahada ya kwanza ya biolojia, tiba ya mifugo, sayansi ya wanyama au biokemia, nawe unakaa Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu, ushauri utakaoupata kuhusu utafiti wa mwendo wa wanyama ni wa aina moja: peleka maombi Marekani au Uingereza, huku hakuna maabara. Ushauri huo una ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Ni kweli kwamba mashine za kupima nguvu ya unyuzi mmoja wa msuli, au kamera za eksrei zinazoonyesha mifupa ikisogea ndani ya mguu, si vitu vya kupatikana Nairobi kwa urahisi. Lakini profesa anayechagua wanafunzi huko ng'ambo hampi mtu nafasi kwa kuwa kwao hakuna mashine. Humpa yule mwenye swali, aliyewahi kupima kitu kwa mikono yake, akakiandika kikaeleweka. Hoja ya mwongozo huu ni moja: swali hilo litafute kwanza hapa, kwa mnyama aliye karibu nawe na kwa vifaa unavyovimudu, upate msimamizi katika kampasi za Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete au Chiromo, ndipo uwaandikie watu wa nje. Sababu zangu hazina uhusiano na uzalendo. Zinatokana na hesabu ya muda na pesa, na zinatokana na historia ya taaluma yenyewe.

Sehemu ya taaluma hii ilijengwa pembezoni mwa jiji hili, jambo ambalo hata vyuoni kwetu halisemwi sana. Katika miaka ya 1960 Mmarekani C. Richard Taylor alifanya kazi Muguga, kwenye shirika la utafiti wa tiba ya mifugo la Afrika Mashariki, akichunguza namna pofu na choroa wanavyostahimili jua na kiu. Mwenzake wa miaka mingi alikuwa Mkenya, Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwaka 1970 alichapisha utafiti kuhusu matumizi ya maji katika mwili wa punda wa Kisomali. Mwaka 1982 wawili hao na Norman Heglund walikusanya vipimo vya ndege na mamalia wa kila ukubwa, wakaonyesha kwamba kilo moja ya mnyama mdogo hutumia nishati nyingi zaidi kwenda mita moja kuliko kilo moja ya mnyama mkubwa. Vitabu vingi vya fiziolojia linganishi leo vina mchoro unaotokana na kazi ya namna hiyo. R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, mmoja wa wakubwa wa taaluma hii katika karne iliyopita, alishirikiana na Maloiy pia: mwaka 1979 walichapisha uchambuzi wa mbio za mbuni, na mwaka 1981 vipimo vya misuli ya miguu ya mamalia wa ukubwa mbalimbali. Kwenye orodha za waandishi wa kazi hizo utakuta majina kama Njau na Wathuta.

Makala inayostahili kusomwa kabla ya nyingine zote, tena ni fupi mno, ni ile ya Maloiy, Taylor na wenzao iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1986. Walipima oksijeni wanayotumia wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo kichwani na wa Kikuyu wanaoubeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, wakakuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauongezi matumizi ya nishati hata kidogo. Mwaka 1995 Heglund na wengine walitoa maelezo ya kimekanika: wabebaji hawa huhifadhi vizuri zaidi nishati ya mwili unapopanda na kushuka katika kila hatua. Mwaka 2010 watafiti waliopima wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo. Walikuta watu wanatofautiana sana, na uzoefu wa kubeba peke yake hauelezi tofauti hiyo. Kwa hiyo suala bado liko wazi. Na kulichunguza hakukuhitaji maabara ya ajabu: kulihitaji mkanda wa kutembelea unaozungushwa na mota, barakoa ya kupimia hewa, mizani, na watu waliobeba mizigo maisha yao yote. Watu hao utawakuta kwenye masoko ya Gikomba na Muthurwa kila alfajiri, wanawake kwa wanaume, wakiwa na mizigo inayopita mbali asilimia 20 hiyo.

Hapa kuna pingamizi la haki. Atasema mtu kwamba historia hii ni ya wageni waliokuja kwa wanyama wetu, wakaondoka na vipimo, na sifa zikabaki kwao; kwamba Muguga ya miaka ile ilikuwa na fedha na mashine zisizokuwapo sasa; na kwamba kumtolea kijana wa Kayole mfano huo ni kumtia moyo kwa vitu vya watu. Sehemu ya kwanza siipingi. Mgawanyo wa sifa na wa fedha haukuwa sawa, na mpaka leo timu nyingi zinazokuja kufunga wanyama kola za GPS huku huwa na Wakenya wengi porini na wachache kwenye orodha ya waandishi. Lakini tazama ni nani aliyeepuka hali hiyo. Maloiy alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala ile ya 1986. John Maina, aliyeanzia Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Afrika Kusini, aligeuka mtu wa kurejelewa duniani kote juu ya muundo wa mapafu ya ndege. Wote wawili walikuwa na swali lao wenyewe walilolishikilia kwa miaka. Anayeingia katika ushirikiano bila swali hupewa kazi ya kubeba betri za kola, na hiyo si dhuluma ya mgeni peke yake.

Basi swali lipatikane wapi? Nitaanza na machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko kwa sababu pale pana msuli mwingi kuliko mahali pengine popote mashariki mwa jiji. Mbuzi wanaochinjwa pale huletwa kwa malori kutoka kaskazini, Marsabit, Isiolo, Moyale, Garissa, safari ya saa nyingi wakiwa wamesimama wamebanana, bila maji. Mnyama anaposimama kwenye lori linaloyumba, misuli yake haipumziki; inafanya kazi ya kumshikilia asianguke, na kazi hiyo huteketeza glaikojeni, yaani akiba ya sukari iliyo ndani ya msuli. Baada ya kuchinjwa, damu haileti oksijeni tena, lakini msuli huendelea kuivunja sukari iliyobaki na kuigeuza asidi. Katika mnyama aliyepumzika, pH ya msuli hushuka kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.8 katika muda wa siku moja. Aliyechoka hana sukari ya kugeuza, kwa hiyo pH hubaki juu ya 6, nyama hugeuka nyeusi, hushika maji na huharibika mapema. Yote haya yanajulikana tangu zamani, tena mbuzi wana sifa ya kuwa wepesi wa kupata hali hiyo. Kinachofaa kuulizwa ni cha hapa: je, mbuzi aliyesafiri kutoka Moyale na kuchinjwa usiku uleule anatofautiana kiasi gani na aliyepumzishwa zizini siku mbili? Je, sarara, ambayo ni msuli wa mgongo, inaathirika sawa na msuli wa paja unaomshikilia mnyama ndani ya lori? Kama haiathiriki sawa, ni kwa sababu ya aina ya nyuzi za kila msuli au kwa sababu ya kazi uliyoifanya?

Angalia swali hilo linavyokwenda. Linaanzia kwenye mita ya pH yenye ncha ya kuchoma nyama, daftari, saa, na ruhusa ya mwenye mbuzi na ya mkaguzi wa nyama. Linaishia kwenye aina za nyuzi za msuli, jambo linalotaka hadubini na kemikali za kupaka rangi, ambazo idara ya anatomia na fiziolojia ya mifugo inaweza kukusaidia kuzipata. Ndiyo ngazi unayoitaka: hatua ya kwanza unaimudu peke yako, ya pili inakupa sababu ya kubisha hodi kwa msimamizi, ya tatu, pengine ya kupima nguvu ya nyuzi zenyewe, inakupa sababu ya kuiandikia maabara ya nje. Wafanyabiashara wengi wa pale ni Waborana, na maneno machache ya lugha yao, pamoja na heshima ya kuwaeleza unachopima na kuwarudishia matokeo, yatakufungulia milango kuliko barua yenye mhuri. Barua nayo uwe nayo. Jambo moja la kiufundi lisikuponyoke: pale nyama haikai, inaondoka ikiwa bado ya moto kwenda buchani. Kipimo cha saa 24 utakipata tu ukinunua kipande chako na kukihifadhi kwenye baridi inayojulikana, kwa hiyo bajeti yako iwe na nyama.

Asiyependa damu ana kuku. Broila anayefugwa nyuma ya nyumba Komarock au Njiru hufikia uzito wa kuuzwa katika wiki tano au sita, na kifua chake hukua haraka kuliko miguu inayombeba. Wengi huanza kuchechemea siku za mwisho. Wataalamu wa Bristol walitengeneza mwaka 1992 kipimo cha alama za mwendo wa kuku kuanzia 0 hadi 5, kinachotumika hadi sasa. Simu ya kawaida inayopiga picha polepole, ubao uliochorwa mistari ya sentimita, na programu ya bure kama Kinovea au DeepLabCut zinatosha kupata urefu wa hatua, muda mguu unaokaa chini na tofauti ya kulia na kushoto, kisha kumlinganisha broila na kuku wa kienyeji wa uzito uleule. Punda wa mikokoteni nao wana swali lao, kwa sababu anayevuta maji kwenye lami na anayevuta mchanga kwenye tope la Ruai hafanyi kazi moja, na kipimo cha mapigo ya moyo pamoja na GPS kwa siku nzima ya kazi kingeeleza mengi ambayo mashirika ya kutetea punda huyasema kwa makadirio tu. Hata kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara walioizoea Dandora, wangefaa kwa anayetaka kujua namna ndege mzito anavyotumia hewa moto inayopanda badala ya kupiga mabawa. Ila kwenye jaa lile usiingie bila kukubaliana kwanza na wanaofanya kazi pale.

Kuna pia njia isiyohitaji mnyama kabisa, nami nadhani ndiyo inayodharauliwa zaidi. Hifadhidata ya Movebank, inayosimamiwa na taasisi ya Max Planck ya tabia za wanyama kule Konstanz, Ujerumani, ina rekodi za mwendo wa wanyama wengi wa Kenya ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua bila malipo. Wamo nyumbu 36 waliovalishwa kola kati ya 2010 na 2013 katika maeneo matatu, likiwamo la nyanda za Athi-Kaputiei zinazoanzia hapo kusini mwa jiji. Wamo pia nyani wa kundi moja la Mpala, Laikipia, waliorekodiwa mahali walipo kila sekunde mchana kutwa mwaka 2012. Data za nyani hao zilizaa mwaka 2015 makala katika jarida la Science kuhusu jinsi kundi linavyoamua pa kwenda. Mwaka 2021 data hizohizo zikazaa nyingine kuhusu jinsi nyani wadogo wa mwili wanavyolazimika kubadili kasi yao ili wasiachwe na kundi. Kati ya makala hizo mbili imepita miaka sita, na mnyama hakuguswa tena. Unachohitaji ni kompyuta hata ya mtumba, programu ya R, ambayo ni ya bure, na utulivu. Kama nyumbani hakuna utulivu, maktaba za Kaloleni na Makadara na ile ya taifa ya Buruburu zina meza. Mwenye kupenda mifupa aende idara ya osteolojia ya Makumbusho ya Taifa, ambako mikusanyo ya mifupa ya wanyama wa Afrika Mashariki inapimika kwa kalipa ya kawaida. Kazi ya Alexander na Maloiy juu ya urefu na unene wa mifupa ya miguu ilikuwa ya namna hiyohiyo.

Swali likishasimama, tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Wengi hufanya kinyume: hujaza fomu, hulipa ada ya muhula wa kwanza, kisha hugawiwa msimamizi ambaye kazi yake ni minyoo ya kondoo. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko kampasi ya juu ya Kabete, gari mbili kutoka Eastlands, na idara ya anatomia na fiziolojia ya mifugo ndiyo mrithi wa kazi niliyoieleza. Idara hiyo yenyewe, pamoja na biolojia ya wanyama na fiziolojia ya binadamu, ziko Chiromo. JKUAT, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Egerton nao wana idara zinazofaa, hasa kama swali lako linaegemea uzalishaji wa mifugo. Nje ya vyuo, jirani na Kabete ipo ILRI, ambayo kituo chake cha Mazingira kina vyumba maalumu vya kupimia gesi anazotoa ng'ombe, na hutangaza nafasi za wanafunzi wa uzamili na uzamivu. KALRO wako Muguga, palepale alipofanyia kazi Taylor. Na kituo cha utafiti cha Mpala hupokea wanafunzi wa mwendo wa wanyama wa porini. Kabla ya kumwandikia yeyote, fungua hazina ya kidijitali ya tasnifu ya chuo chake, usome alizozisimamia katika miaka ya karibuni. Barua yako iwe fupi: swali katika sentensi mbili, ulichopima mpaka sasa pamoja na mchoro mmoja, na ombi la dakika 20 za kuonana. Usiandike kwamba una ari ya sayansi, mchoro utasema. Na ukimkuta anakwambia swali halifai, muulize lipi katika eneo hilo lingefaa, maana jibu la hilo mara nyingi ndilo tasnifu yako.

Vibali havina utamu wa kusimulia, lakini kazi nzuri imekataliwa na majarida kwa kukosa karatasi moja. Utafiti wowote unataka leseni ya NACOSTI, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2013. Kugusa mnyama aliye hai kunataka idhini ya kamati ya maadili ya kitivo, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inadai leseni kwa majaribio juu yao. Mnyama wa porini humpati bila taasisi ya utafiti wa wanyamapori, WRTI ya Naivasha, pamoja na KWS. Ukitaka kupima wabeba mizigo wa Gikomba, hao ni binadamu na kamati yao ni nyingine. Na sampuli ya msuli itakayovuka mpaka inahitaji kibali cha NEMA chini ya kanuni za 2006. Omba idhini ya maadili kabla hujapima chochote cha kuchapishwa, kwa kuwa haitolewi kwa kurudi nyuma.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa, na wanaolitoa kwa kawaida ni watu wa nyumbani. Mzazi aliyelipa karo kwa kuuza mboga soko la Burma au kwa mshahara wa Industrial Area ana haki ya kuuliza kwa nini aliyehitimu arudi tena darasani kupima miguu ya kuku, na mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza unasubiri. Sitaki kulipita pingamizi hili juujuu. Uzamili wa kujilipia, wa masomo ya darasani na tasnifu ya haraka mwishoni, kwa kweli haulipi katika fani hii. Usikope kwa ajili yake. Uzamili wenye mradi uliofadhiliwa ni habari nyingine. Fedha hutoka kwa msimamizi mwenye mradi, kwa ILRI, kwa DAAD wa Ujerumani ambao hufadhili Waafrika kusoma Afrika, kwa HELB yenyewe upande wa uzamili, na kwa Hazina ya Taifa ya Utafiti, NRF, inapotoa mwito. Ndiyo maana nasisitiza kazi ndogo ya kwanza ifanywe ukiwa kazini, jioni na wikendi, kwa kompyuta au kwa mita ya pH: haikulazimishi kuacha mshahara kabla ya kuwa na kitu cha kuonyesha wafadhili. Ukikuta baada ya miezi michache kwamba kupima kuleule mara 100 kunakuchosha roho, umejifunza jambo kwa bei ndogo, na unaweza kuacha bila deni.

Wapo pia wasemao kwamba hakuna ajira ya mtu anayejua misuli ya mbuzi. Tangazo la kazi lenye maneno hayo hutaliona, hilo nakubali. Lakini anayejua kwa nini nyama ya mnyama aliyechoka haikai anahitajika na kila machinjio yanayotaka kuuza nyama nchi za Ghuba, ambako mzigo hurudishwa kwa sababu ya rangi na muda wa kukaa. Anayeweza kusoma rekodi za kola anahitajika na mashirika ya hifadhi, na uchambuzi uleule wa data unanunuliwa na kampuni za bima na za simu. Anayepima mwendo wa kuku anaweza kupima mwendo wa mgonjwa anayejifunza kutembea kwa mguu bandia. Naona hatari iko upande mwingine: mtu kukaa miaka mitano akisubiri kazi iliyoandikwa jina la shahada yake, huku stadi alizonazo zikichakaa.

Sasa ng'ambo. Nchini Marekani idara nyingi za biolojia humpokea mwanafunzi wa uzamivu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, humsamehe karo na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Usikubali nafasi ya uzamivu unayotakiwa kujilipia, na usimpe wakala hata shilingi, kwa kuwa maombi haya hayana wakala. Uingereza nafasi zenye fedha kwa asiye raia ni chache, na huwa zimefungwa kwenye mradi uliokwisha kuandikwa. Tafuta kwa maabara, usitafute kwa sifa ya chuo: Brown na California-Irvine kwa Marekani, Simon Fraser kwa Kanada, chuo cha tiba ya mifugo cha Royal Veterinary College kwa Uingereza, ambacho watu wake walipima misuli na kasi ya simba, duma, swala na pundamilia kule Botswana na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Usidhani mnyama wako ni wa ugenini kwao. Kanga, ndege wetu wa nyika, ni miongoni mwa wanyama waliochunguzwa sana katika maabara za eneo la Boston: mwaka 2004 walitumiwa kuonyesha kwamba kurusha mguu mbele hugharimu takriban robo ya nishati ya mwendo, na mwaka 2006 walikimbizwa juu ya shimo lililofunikwa kwa karatasi nyembamba ili ionekane mguu unavyojirekebisha kabla ubongo haujawahi kusema lolote. Sijaona aliyewapima kanga hao katika joto lao na vichaka vyao kwa kiwango hichohicho huku wanakotoka, na sentensi kama hiyo ndani ya barua yako ina uzito.

Mwandikie profesa kati ya Agosti na Oktoba, kwa sababu milango ya Marekani hufungwa Desemba au mapema Januari. Taja makala yake moja uliyoisoma na jambo moja ndani yake ambalo vipimo vyako vinalikubali au vinalitilia shaka. Makala za Journal of Experimental Biology hufunguliwa kwa wote baada ya miezi 6, kwa hiyo kutokuwa na maktaba si kisingizio. Uliza waziwazi kama ana fedha za mwanafunzi mwaka huo. Omba chuo kikusamehe ada ya maombi na mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa ulisomeshwa kwa Kiingereza. Vingi hukubali vikiombwa, na havisemi visipoombwa. Ikiwa mradi utatumia data au sampuli za Kenya, yaandikwe mapema kwenye barua pepe mambo matatu: nani atakuwa mwandishi, data zitahifadhiwa wapi, na msimamizi wako wa Kabete atabaki katika kamati yako au la. Usipojibiwa baada ya wiki tatu, kumbusha mara moja tu, kisha mwandikie mwingine.